Nani alituzoesha kuchomeka kalamu kwenye soketi? Nimechoka na plagi za pini mbili

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa kukatika umeme. Kwangu umeme upo, na ndiyo shida yenyewe.

Jumamosi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu, sebuleni kukawa kimya. Wenye watoto mnajua, kuna kimya cha mtoto aliyelala na kuna kimya cha mtoto aliye kazini. Nikachungulia. Mwanangu, miaka minne, amepiga magoti mbele ya soketi, ulimi nje kwa umakini. Mkono mmoja kalamu, ameichomeka tundu la juu. Mkono wa pili plagi ya feni, anatafuta matundu ya chini. Aliponiona hata hakushtuka. "Mama joto, nawasha feni."

Sikumpiga. Ningempiga kwa lipi? Alikuwa anafanya kile ambacho mimi nafanya mbele yake kila siku ya Mungu, kwa mpangilio uleule, mpaka kule kuikandamiza kalamu kidogo kwa chini ili plagi iingie. Kajifunza vizuri kabisa. Nilimnyanyua tu, nikazima swichi, nikakaa chini sakafuni miguu haina nguvu. Vitunguu viliungua.

Sasa nauliza kwa hasira, na atakayejibu "mtoto wako umwangalie" aanze kwanza kuangalia nyumbani kwake kama hakuna kalamu iliyotoboka toboka karibu na TV. Wote tunafanya. Kalamu, mpini wa kijiko, njiti ya kiberiti, ncha ya mswaki. Nimeona saluni wanatumia kitana. Nimeona ofisi moja, sitaitaja, wana kijiti maalumu cha mshikaki juu ya kabati. Tumeona ni kawaida kama kupuliza chai.

Mnajua lile tundu la juu kazi yake nini? Mimi nilikuwa sijui, nimeambiwa na fundi umeme wa mtaani kwetu, mzee mmoja mtaratibu ambaye ukimwita kwa balbu anakupa na somo juu. Soketi yetu hii ya matundu matatu tumeirithi kwa Waingereza. Vita ya pili ya dunia ikiwa haijaisha waliunda kamati ya kupanga nyumba zitakazojengwa baada ya vita zifungweje umeme. Wajumbe 20, mwanamke mmoja, mhandisi anaitwa Caroline Haslett, aliyekuwa anaongoza chama cha wanawake cha mambo ya umeme. Akasimamia hoja ya watoto. Kiwango cha kutengenezea plagi na soketi hizo kikatoka 1947, na soketi yake ina vilango ndani. Matundu mawili ya chini, yenye umeme, yamefungwa. Pini ya juu ya plagi imefanywa ndefu kuliko zile mbili makusudi, ili itangulie kuingia, isukume, vilango vya chini vifunguke. Yaani lile ni kufuli, na ile pini ndefu ndiyo ufunguo. Limewekwa pale kwa ajili ya mtoto wa miaka minne mwenye kitu mkononi.

Halafu sisi tumemfundisha mtoto wa miaka minne kufungua kufuli.

Ile plagi, ukiichukua mkononi ukaiangalia taratibu, ni kitu cha heshima. Nusu ya pini zile mbili imevalishwa plastiki, ili ukiwa unachomoa vidole visiguse chuma chenye umeme. Waya unatokea chini, siyo nyuma, kwa hiyo hata ukiuvuta kama kamba ya mbuzi haichomoki kirahisi, unalazimika kushika plagi yenyewe. Ndani fundi mzuri anauacha waya wa moto, ule unaoleta umeme, mfupi, na wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, mrefu. Mtu akivuta kwa nguvu, wa moto unang'oka kwanza, wa ethi unabaki wa mwisho unakulinda. Na kila plagi ina fyuzi yake humohumo, pasi ikileta shida inakatika fyuzi ya pasi, siyo nyumba nzima giza. Ina ubaya mmoja tu, nao ni mkubwa: ukiiacha sakafuni inalala chali, pini juu, na ukiikanyaga usiku unaenda kuwaamsha majirani.

Hiyo ndiyo plagi ambayo soketi zetu zinaisubiri. Tunauziwa nini? Pini mbili. Nendeni dukani leo mkahesabu. Feni pini mbili, brenda pini mbili, pasi pini mbili, birika la umeme pini mbili. Ukimuuliza muuzaji anakuangalia kama umeuliza samaki ana miguu.

Niwe mkweli, siyo kila cha pini mbili ni kibaya. Mzee fundi alinionyesha nyuma ya ile feni pana alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake kifaa kimezuiliwa umeme mara mbili, mwili wake hauhitaji ethi. Chaja ya simu vilevile, redio vilevile. Sawa, nimekubali. Lakini hata hicho kingekuja na plagi ya pini tatu, pini ya juu ikawa ya plastiki ya kufungulia tu, mbona chaja nyingi za simu zinakuja hivyo? Inawezekana. Haiwi mlima.

Ninapopandwa na wazimu ni kwenye birika.

Nimelinunua mwezi uliopita Kariakoo, duka sitalitaja, la chuma linang'aa, lita moja na nusu, wati 2,200. Plagi yake ni ile nene ya duara, pini mbili nene, pembeni ina vibati viwili. Dukani wana soketi ya kujaribia ukutani, na pembeni yake, jamani sidanganyi, wamening'iniza kalamu kwa uzi kama zile kalamu za benki. Nikaona nikacheka. Nilicheka! Kwa birika langu lakini kalamu haitoshi, pini zake ni nene, kwa hiyo kijana akanipa adapta ya shilingi elfu mbili. "Hii dada'angu inaingia kila kitu duniani."

Wiki ya kwanza nikawa nahisi kama birika linanitekenya vidole. Niko peku kwenye marumaru, nimetoka kuosha vyombo, nikiligusa kama sisimizi wananipanda. Nikamwambia mume wangu, akasema ni baridi. Baridi Mbagala! Wiki ya tatu adapta ikaanza kunuka, nikaichomoa nikakuta doa la kahawia kama la chai iliyokauka, na plastiki imelegea.

Mzee akaja na testa yake. Akawasha birika, akagusa testa kwenye mwili wa chuma, taa ikawaka. Akanigeukia, akasema polepole, "Mama, hili birika lina umeme mwilini." Halafu akanikalisha.

Vile vibati viwili vya pembeni ndiyo ethi ya plagi hiyo. Ni mpango wa Wajerumani, na ni mpango mzuri sana, kwao. Soketi yao ina shimo la duara, plagi inazama ndani, vibati vinashikana na vya soketi kabla pini hazijafika kwenye umeme. Kwenye adapta yangu vile vibati vilikuwa vinagusa nini? Hewa. Na hiyo adapta yenyewe pini yake ya juu ni plastiki, haina waya wowote nyuma yake. Kwa hiyo kiwandani mtu alikaa akafikiria, akaweka waya wa ethi ndani ya birika, akaupitisha kwenye kamba mpaka kwenye plagi, kazi yote hiyo, halafu ikafika kwangu ikakatishwa na kidude cha shilingi elfu mbili. Na lile doa? Birika la wati 2,200 kwa umeme wetu wa volti 230 linavuta karibu ampea 10. Yale matundu ya "kila kitu duniani" hayaishiki pini sawasawa, yanaigusa kidogo tu, hapo panapata moto, plastiki inayeyuka. Mlioona ekstensheni imeungua upande mmoja, mara nyingi chanzo ndiyo hicho.

Akaikata ile plagi, akafunga ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13. Birika limetulia, testa haiwaki. Nikamletea na pasi. Akakata kamba yake, akaniita nione: nyaya mbili tu ndani. Pasi ya chuma chini, kamba ina nyaya mbili, na alama ya mraba ndani ya mraba haina. Hakuna pa kufunga ethi. Akairudisha mezani akasema hiyo hana la kuisaidia. Pasi haijamaliza miezi miwili.

Najua wapo watakaokuja na "sisi masikini dada, kitu kizuri ni gharama, ukitaka usalama nunua cha bei". Ngoja kwanza. Kile kitu mnachotumia kufungulia soketi, ile kalamu ya Bic, mmewahi kuiangalia? Ipo tangu 1950, imetoka Ufaransa, ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa dukani. Ina pembe sita ili isibiringike mezani. Ni angavu ili uone wino umebaki kiasi gani. Ubavuni ina kitundu kidogo cha kupitisha hewa ili wino ushuke vizuri. Na kifuniko chake kina tundu kwa juu, siyo pambo: mtoto akikimeza kikamkwama kooni, hewa ipite, apate nafasi ya kufikishwa hospitali. Kalamu ya bei ya andazi imemfikiria mtoto anayemeza vifuniko! Na ndiyo hiyohiyo tunamkabidhi mtoto akafungulie umeme. Mimi hili jambo nikilifikiria usiku silali.

Au tuache ya Ulaya. Jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile la kiuno, la Wakenya wa miaka ya themanini mwanzoni. Mafundi wa bati wanalitengeneza kwa nyundo barabarani. Kiuno kile kinalifanya likae imara huku unasonga ugali kwa nguvu zote, na kile kikombe cha udongo kinashika moto, mkaa unalika kidogo kuliko kwenye jiko la bati tupu. Nani kasema ubunifu wa akili lazima uwe wa bei? Pini ya tatu ni kipande cha chuma na waya mmoja.

Halafu kuna hili lililonimaliza. Wifi yangu yuko Muscat. Oman soketi zao ni kama zetu, matundu matatu yaleyale. Nilimtumia picha ya birika kwa hasira zangu, akacheka, akanitumia picha ya la kwake. Birika lilelile. Rangi ileile, kitufe kilekile, herufi zilezile chini. Plagi: pini tatu, imefungwa kutoka kiwandani. Kwa hiyo kiwanda kinazo. Zinatengenezwa. Kuna mtu ameagiza kontena, akaulizwa plagi gani, au hakuulizwa na yeye hakujali, likaja la soketi za watu wengine huko. Na wenye kazi ya kukagua mizigo wakaliangalia likipita. Nyumba zote tunazojenga, kila fundi anafunga soketi ya matundu matatu, dukani tunauziwa plagi isiyoingia humo, na katikati tumeweka kalamu. Miaka yote hii hakuna aliyeona ni kichekesho?

Jumatatu nilirudi dukani na pasi yangu na ile adapta iliyoungua. Kijana mpole tu, hakuwa mkorofi, ndiyo maana sina hata pa kuzimalizia hasira zangu. Nikamwonyesha doa. Akasema, "Hii ilikuwa namba mbili dada, ngoja nikupe namba moja." Nikamwambia sitaki adapta, nataka pasi ya pini tatu. Akazunguka rafu zote mbili, akapanda ngazi, akafunua maboksi kama sita hivi, nikiwa namwona anatafuta kweli. Akashuka na jasho. "Hazijaja." Nikamuuliza huwa zinakuja? Akafikiria. "Kwa kweli hapana."

Sasa wadau. Nahitaji pasi, nguo za shule za Jumatatu zinanisubiri. Anayejua duka, Dar au hata Zanzibar nitaagiza kwa boti, linalouza pasi na brenda zenye plagi ya pini tatu iliyofungwa kiwandani na kamba yenye nyaya tatu, aandike hapa bei na mtaa. Na mafundi umeme mliomo humu, nisaidieni: feni nimeshaifunga plagi mpya, lakini dekoda na redio ya mzee wangu kamba zake ni nyembamba sana, plagi ya pini tatu inazishika vizuri kweli au zitachomoka? Na fyuzi niweke ya 3 au ya 13?

Kalamu zote nimezipandisha juu ya kabati. Mtoto anaulizia yake.