Eti MIKONO YANGU ndiyo inatetemeka! Fundi wa ekseli nzima kanidhalilisha leo

Wakuu, nina hasira sijawahi kuwa nazo. Fundi mwenyewe simtaji, mnamjua wote, yule anayejisifu kazaliwa na grainda mkononi. Nilimpa pikapu yangu ang'oe mikono ya mbele, ile inayoacha kila gurudumu licheze kivyake, aweke ekseli nzima, chuma kimoja kinachounga magurudumu yote mawili. Leo kanikabidhi. Spidi ikifika 70 usukani unatetemeka mpaka meno yanagongana, mpaka abiria anaungama dhambi. Nimerudi kumwambia. Kafuta vidole kwa kitambaa taratiiibu, kisha mbele ya vijana wake wote: "Gari liko sawa. Mikono yako ndiyo inatetemeka."

MIKONO YANGU!

Nimeingia uvunguni mwenyewe. Stelingi boksi, ile ya gia za usukani, kaiacha palepale pa zamani, rodi yake inashuka mteremko hadi gurudumuni. Springi ikibonyea kidogo tu, gari linakata kona lenyewe. Kasta, ule mlalo wa kwenda nyuma unaorudisha usukani, hakuna; ukipinda haurudi. Hosi za breki ni zilezile fupi za mwanzo! Ukipiga jeki kwenye chasisi, ekseli na difu yake (lile bakuli la gia) vinaning'inia kwenye hosi ya breki! Halafu mikono yangu ndiyo inatetemeka. Kijana mmoja alicheka hadi spana ikamdondoka.

Kabari: Pole mkuu. Akikwambia atapachika kabari kati ya springi na ekseli, kataa. Kasta utaipata, ila pua ya difu itainama na propela shafti, ile inayoizungusha difu, itaanza kulia. Dawa ni kukata ncha za ekseli zinazoshika magurudumu, kuzizungusha na kuchomelea upya.

NatiMoja: 😂😂 Sasa tuonyeshe hiyo mikono tuone.

MamaDizeli: Si ungetafuta iliyotoka nayo kiwandani? Hilux za 4x4 za Marekani zilikuwa na ekseli nzima mbele hadi modeli ya 1985. Mikono imeingia 1986.

Mwenye uzi: Mama, shikamoo, ila sikuuliza historia. Kaniambia MIKONO YANGU, mbele ya watoto!

NatiMoja: Anaandika huku inatetemeka 😂

GiaTano: Afadhali yako. Wangu aliniwekea propela shafti ndefu kuliko nafasi yake. Nimeruka tuta, springi zikabonyea, shafti ikasukuma transfa, giaboksi ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, hadi ikapasuka. Eti "tuta lilikuwa kubwa".

Grisi: Wewe ulipata hata shafti. Mimi joini za ndani ya ekseli, zile zinazozungusha gurudumu hata likiwa limepinda, zilifungwa kavu, bila grisi hata ya kuonja. Ya kushoto imesagika njiani, natoka tu gereji.

MamaDizeli: Tairi inchi ngapi?

Grisi: 33 tu.

GiaTano: 33 haivunji joini kirahisi. Ulipinda usukani hadi mwisho ukakanyaga mafuta.

Grisi: Nani kakwambia nilipinda hadi mwisho? Ulikuwepo? Shughulika na transfa yako!

GiaTano: Transfa yangu imekukosea nini?