Tupeane uzoefu: Mliuziana nyumba kwa kulipana kidogo kidogo, mnunuzi akakwama. Iliishaje?

Wakuu, habari za jioni. Naanza na yangu.

Benki walinikatalia mapema tu, duka langu halina mahesabu ya kuwaonyesha. Mwaka 2022 nikapata pagale Kivule, vyumba 3 na sebule, kuta zimeishia kwenye lenta. Bei milioni 18: milioni 8 mkononi, iliyobaki milioni moja kila mwezi kwa miezi 10. Tukaandikishana serikali ya mtaa, mjumbe akashuhudia, karatasi moja ya kuandika kwa mkono. Kulikuwa na mstari niliousoma juu juu: "Mnunuzi akishindwa kumaliza kwa wakati, nyumba itarudi kwa muuzaji na fedha hazitarejeshwa." Nikasaini. Nani anajiona atashindwa siku anayokabidhi milioni 8?

Sasa ujinga wangu. Badala ya kumaliza deni kwanza, nikapaua. Bati, grili za madirisha, mlango wa mbele wa mninga. Nikalipa miezi minne, kisha mzigo wangu wa duka ukapotea njiani na mtaji ukaenda nao. Miezi mitatu sikupeleka kitu. Nilikuwa nampigia simu muuzaji, namwambia mambo magumu kaka, nivumilie. Siku naenda kuangalia nakuta kufuli si langu na kanga za watu zimeanikwa uani. Kaliuza milioni 26. Yaani bati langu ndilo lililompandishia bei!

Nikaenda baraza la kata. Siku hizi linasuluhisha tu, halitoi hukumu, ila lilisaidia kumkalisha chini. Alikuwa anaogopa tukifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya yule mnunuzi mpya atataharuki. Tukamalizana anirudishie milioni 7 kati ya 12 nilizotoa. Kwa awamu. Msicheke.

Leteni zenu, wauzaji pia.

mama_kihonda
Mwanangu pole, lakini sikilizeni na upande wetu. Mimi ni mwalimu mstaafu, Morogoro. Niliuza nyumba yangu ndogo ya uani milioni 30 kwa kijana mmoja mpole sana, shikamoo yake haikatiki. Akatoa nusu, nikampa funguo siku hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipokosea, hela nusu funguo nzima.

Baada ya hapo sikuona shilingi kwa miaka miwili na ushee. Halipi deni, halipi kodi ya pango, na mke kaoa humo humo, mtoto kazaliwa humo humo. Nikimdai, majirani wananiona mchawi. Mwanangu mkubwa alitaka kwenda kutoa vyombo nje, nikamkataza, maana mtu aliyeingia kwa mkataba ukimtoa kwa mabavu kesi inageuka yako. Nikafungua shauri baraza la wilaya. Nauli, wakili, kuahirishwa, tarehe nyingine. Mwisho tulipatana nje: akahesabiwa kodi ya miezi yote aliyokaa, ikakatwa kwenye ile milioni 15, nikamrudishia iliyobaki. Nilikopa ili nimrudishie. Siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunipita bila salamu.

karani_wa_wakili
Shikamoo mama, ulifanya vizuri kutotumia nguvu.

Mleta mada, ule mstari wa "fedha hazitarejeshwa" watu wanauogopa kuliko unavyostahili. Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 74: kiasi kilichoandikwa kama adhabu ya kuvunja mkataba ndiyo dari. Aliyevunjiwa anapata fidia inayostahili, isiyozidi hapo. Maana yake muuzaji kubeba milioni 12 zote pamoja na bati ni jambo la kubishaniwa, halikuwa limeisha. Karatasi nyingi zinazopita mezani kwetu hazisemi kabisa nani analipia maendelezo mnunuzi akikwama, wala anapewa notisi ya siku ngapi. Na saini ya mke wa muuzaji haipo.

mleta mada
Ya mke usiseme. Alikuwepo, alitupikia chai. Hakuna aliyempa kalamu.

mbeba_maboksi
Niko Minneapolis. Huku nako yapo, na wengi wanaoingia ni Waislamu wenzetu wanaokwepa riba ya benki. Muuzaji anabaki na hati mpaka senti ya mwisho, wewe unalipa kila mwezi, kodi ya jengo juu yako, paa likivuja juu yako. Jamaa niliyekuwa nafanya naye kazi ghalani, Msomali aliyekulia Mombasa, Kiswahili chake kinakushinda wewe, alitanguliza dola 40,000. Mkataba ulisema mwaka wa 5 alipe salio lote kwa mkupuo. Hakuwa nalo. Akaletewa notisi ya siku 60, zikaisha, akatoka na masanduku. Hii ni kabla ya mwaka 2024, jimbo la Minnesota lilipokaza sheria za mikataba hiyo.

kijana_wa_goba
Mimi nilikwama miezi miwili, nikamwahi muuzaji kabla hajanitafuta. Tukaandika nyongeza ya mkataba kwa wakili, miezi 6 zaidi, laki tano juu. Nimemaliza. Sina stori ya kusisimua.

mama_kihonda
Wewe ndiye ningekuuzia.

mleta mada
Awamu ya pili ilikuwa iingie leo, milioni 2. Imeingia laki saba. Nimempigia, kaniambia, "Mambo magumu kaka, nivumilie."