Unga wa Kihindi kwa mtoto mwenye Down: nimpe?

Mama Imani, Pangani
Hamjambo wenzangu. Binti yangu ana miezi 14, ana Down, ile hali ya kuzaliwa na kromosomu ya 21 iliyozidi. Bado hajaweza kukaa mwenyewe. Mwili wake ni mlegevu, nikimwinua kwa makwapa anataka kuniponyoka. Jirani yangu, mama wa Kihindi anayetupenda kweli, amenifundisha kumkanda kwa mafuta ya simsim yaliyopashwa moto kidogo. Wao huita abhyanga. Mtoto anatulia, analala. Sasa ameniletea kijichupa cha unga wa kijivu, nimlambishe na asali kila asubuhi, eti unafungua akili. Nimekiweka juu ya kabati, sijakigusa. Nimpe?

Mama Juma, Umoja
Mama Imani, kukanda usiache. Wangu ana miaka 6 sasa. Nilikuwa namkanda jioni baada ya kumwogesha, kuanzia nyayo kupanda juu, nikimtajia kila kiungo. Neno lake la kwanza lilikuwa "guu". Ila shingo usiivute wala kuizungusha, kwa watoto wetu mifupa ya pale juu huweza kuwa imelegea. Na mazoezi ya fizio (tiba ya viungo) yaendelee, hayo ndiyo yatamkalisha.

Unga huo usimpe, nakuomba. Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, ina mitishamba kama brahmi, lakini ina pia bhasma, yaani madini yaliyochomwa yakawa majivu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni. Karibu moja kati ya kila tano ilikutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, ubongo uleule tunaoupigania usiku na mchana! Na kromosomu ya 21 iliyozidi haiondolewi na unga wowote.

Baba Tumaini, Kawangware
Hata ashwagandha, mzizi mwingine wa Ayurveda, muulize daktari kwanza. Wetu anameza dawa ya tezi ya shingo, na mzizi huo unaweza kupandisha homoni za tezi. Binti amepimwa tezi na moyo? Karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo.

Mama Imani
Moyo ulipimwa, tundu lilijifunga lenyewe. Tezi nitaomba Jumanne kliniki. Lakini jirani nitamwambiaje? Sitaki kumuumiza.

Mama Juma
Mwambie mafuta yake ndiyo yanayomlaza mtoto. Kisha mwite jioni, mumkande mtoto pamoja.