MJADALA: Moto wa msituni uzimwe wote, au mwingine uachwe uwake?

Kigogo: Wadau, tumekua tukiambiwa moto ni adui wa msitu, basi. Marekani mwaka 1935 waliagiza kila moto uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya kesho yake. Leo wanawasha wenyewe. Tushike lipi?

Rehani: Kuna misonobari ambayo koni zake, yale matunda magumu yanayobeba mbegu, zimezibwa na utomvu, hazifunguki mpaka zipate joto la moto. Hifadhi ya Yellowstone kule Marekani 1988 iliungua zaidi ya theluthi, watu wakaizika. Miche ikajiotea yenyewe. Wanaolialia moshi ni wale wanaoujua msitu kwa picha za kalenda.

BintiNyika: Kalenda? Nina mtoto mwenye pumu. Njoo ukeshe naye usiku mmoja wa moshi, ndipo utufundishe koni.

Rehani: Dada, sijakutaja.

BintiNyika: Umetaja wanaolia na moshi. Ndio mimi.

MzeeKisiki: Turudi kwenye hoja. Sekoya wa California, ile miti mikubwa mno, wana gome nene la kuhimili moto, lakini moto wa Castle wa 2020 uliua kama moja ya kumi ya sekoya wakubwa wote duniani, pengine zaidi. Hiyo nayo dawa?

Rehani: Mzee, hayo ni malipo ya kuzima kila kitu karne nzima. Vijiti na vichaka vimerundikana, moto ukija unapanda hadi kileleni. Waaborijini wa Australia walikuwa wakichoma vipande vidogo vidogo tangu enzi.

Chombeza: Mkuu, wewe umewahi kushika kiberiti porini, au nawe ni wa kalenda? 😂

Rehani: Nimeshika. Unachoma mapema, majani yakiwa na ubichi kidogo. Unawasha ukingo ule upepo unakoelekea, ili moto urudi polepole ukipingana nao. Kazi kubwa ni visiki: juu unaona majivu tu, chini mzizi bado unafuka. Povu la nini?

MzeeKisiki: Na upepo ukigeuka?

Chombeza: Anafungua kalenda.

BintiNyika: Chomeni, sikatai. Ila nitangazieni mapema nimhamishe mtoto.

Rehani: Siku inapangwa na upepo, dada. Mara nyingi tunaamua asubuhi ile ile.

BintiNyika: Basi nipigieni asubuhi ile ile.