Mrejesho: Hita ya maji iliyokataa kuwaka kwa simu

Wadau, niliuliza kwa nini swichi janja ya hita yangu inaonyesha imewaka kwenye simu, hata inalia "ta!", lakini maji ya tangi yanabaki baridi. Na baridi ya Julai ya Nairobi mnaijua.

Wengi mlisema ni waifai. Siyo. Fundi wa stima aliweka mita: upande wa kuingia volti 240, upande wa kutoka hakuna kitu. Akazima mein swichi, akafungua kifuniko, harufu ya plastiki iliyoungua ikatupokea. Ncha za relei, kile kidude cha ndani kinachounga na kukata umeme, zilikuwa nyeusi tii. Swichi imeandikwa ampea 10, yaani huo ndio mwisho wa umeme inaoweza kubeba. Hita ni kilowati 3, yaani wati 3000, gawa kwa volti 240 upate ampea 12.5. Ingedumu vipi?

Sasa tumeweka kontakta (swichi ya mzigo mkubwa inayowashwa na umeme) ya ampea 25, niliipata mtaa wa Luthuli mjini. Swichi mpya inaamrisha kontakta tu, mzigo wa hita haupitii kwake. Themostati ya tangi iko nyuzi 60, maji yanachoma kweli. Aliyesema "angalia ampea kwanza", asante sana ndugu. Programu ya simu bado inakwamakwama, lakini hiyo nitaileta siku nyingine.