Mjadala wa kabla ya uchaguzi wa Januari 2026: Facebook Uganda ifunguliwe, au ibaki imefungwa?

Fundi simu, Busia (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, wiki iliyopita mama mmoja anayekaanga samaki karibu na stendi aliniletea simu yake. Alisema betri imekufa, akifika saa sita mchana haina chaji. Nikaipima, betri ni nzima. Ndani ya simu nikakuta programu nne za VPN, zile za kukwepea kizuizi cha mtandao, zote za bure. Moja inawaka usiku na mchana, tatu zinamrushia matangazo hata simu ikiwa imelala. Kila moja ikigoma, kijana wake humwekea nyingine. Na anazitaka kwa jambo moja tu: binti yake anafanya kazi Oman, na picha za mjukuu huwekwa Facebook.

Kwa wadogo zetu ambao Facebook ilipofungwa walikuwa bado shule ya msingi, mambo yalikwenda hivi. Tarehe 11 Januari 2021, siku tatu kabla ya uchaguzi, Facebook ilitangaza kwamba imefuta akaunti na kurasa ilizosema zilikuwa zikijifanya watu wasiokuwepo ili kukipigia debe chama tawala, na ikazihusisha na kituo kilicho chini ya Wizara ya TEHAMA. Kesho yake mitandao ya kijamii ikaamriwa ifungwe. Tarehe 13 jioni intaneti yote ikazimwa, ikarudi tarehe 18. Mitandao mingine ilifunguliwa Februari. Facebook haikufunguliwa mpaka leo, na Januari 2026 tunarudi kwenye masanduku ya kura.

Mimi nasema ifunguliwe, na sababu yangu si siasa. Ni haya ninayoyaona mezani kwangu. Mlango wa mbele umefungwa, watu wanapitia dirishani, na pale dirishani amekaa mtu tusiyemjua anayetazama kila anayepita.

Ukiwasha VPN, kila unachotuma huenda kwanza kwenye kompyuta za mwenye VPN, ziwe Uholanzi au Singapore, ndipo kiende kinakokwenda. Kampuni yako ya simu haioni tena unatembelea wapi. Mwenye VPN anaona. Nenosiri lako mara nyingi limefungwa kwa ufunguo mwingine, halisomi, lakini anajua umeingia wapi, saa ngapi, kwa simu ya aina gani. Kompyuta hizo zinakula umeme na kodi kila mwezi. Kama hukumlipa, jiulizeni analipwa na nani.

Hili lina ushahidi. Mwaka 2013 Facebook yenyewe ilinunua kampuni iitwayo Onavo. Programu yake ya VPN ilikuwa ya bure na iliahidi kumlinda mtumiaji, kumbe ilikuwa inaipelekea Facebook habari za programu nyingine ambazo watu wanazitumia kwenye simu zao. Apple iliikataa mwaka 2018, na mwaka 2019 ikaondolewa kwa Google pia. Kabla ya hapo, mwaka 2015, iligundulika kwamba Hola, VPN nyingine ya bure, ilikuwa inauza njia ya intaneti ya watumiaji wake kwa wateja wengine. Yaani mtu baki anapita kwenye laini yako, na akifanya uovu nyayo zinazoonekana ni zako.

Mama wa samaki hajui hata moja kati ya haya. Yeye anataka kumwona mjukuu.

Mzee wa Bombo

Fundi, salaam. Umeeleza vizuri habari ya VPN, lakini umepita haraka pale penye uzito.

Nimelitumikia jeshi la nchi hii miaka mingi, na hili la akaunti zilizofutwa siwezi kulimeza. Kampuni ya Marekani, ambayo hakuna raia wa Uganda aliyewahi kuipigia kura, inakaa siku tatu kabla ya uchaguzi wetu na kuamua nani aseme na nani anyamaze. Pengine akaunti zile zilikuwa za bandia kweli. Hakimu alikuwa nani? Rufaa inakatwa wapi? Ni nani alipewa nafasi ya kujitetea? Wao ndio walioshtaki, wao wakahukumu, wao wakatekeleza hukumu siku hiyohiyo.

Na msidhani kampuni hiyo ina macho makali kila mahali. Nendeni Myanmar. Mwaka 2018 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema Facebook ilitumika kueneza chuki dhidi ya Warohingya, na kampuni yenyewe ikakiri mwishoni mwa mwaka huohuo kwamba haikufanya vya kutosha. Kule palipohitaji kufutwa, hawakufuta. Huku wakafuta. Nchi isiyoweza kumwambia mgeni "subiri nje tuzungumze" ni nchi ya namna gani? Kwangu mimi ibaki imefungwa mpaka waje mezani.

Mama kitenge, Kikuubo, Kampala

Mzee, naheshimu neno lako. Lakini mgeni huyo unayemweka nje, mimi nilikuwa nimeweka bidhaa zangu mkononi mwake.

Nauza vitenge jumla. Kuanzia 2017 wateja wangu wa Juba, wa Goma na wa Kigali walikuwa wananipata Facebook. Napiga picha asubuhi, mchana mtu ameshachagua, jioni mzigo uko kwenye basi. Ilipofungwa nikawekewa VPN. Leo simu yangu inasema niko Amsterdam, kesho niko Singapore, keshokutwa Chicago. Natangaziwa makoti ya theluji mimi, huku nimesimama Kikuubo najipepea na kadibodi. Hilo nililivumilia. Kilichonimaliza ni pale Facebook yenyewe ilipoona mtu mmoja anaingia kutoka nchi tatu ndani ya wiki moja. Ikadhani nimeibiwa akaunti, ikaifunga. Walitaka nithibitishe kwa namba ya simu ambayo nilishaipoteza tangu nilipoibiwa simu kwenye teksi. Ukurasa wenye wateja wa miaka minne ukaenda hivyo. Sijaurudisha.

Nimehamia WhatsApp. Sawa, inasaidia. Lakini WhatsApp anakuona yule tu mwenye namba yako. Mteja mpya ambaye hajawahi kunisikia atanipataje?

Mwalimu, Tororo

Mimi naona tunabishania nyumba ambayo watu walishahama. Wanafunzi wangu wako TikTok, wazazi wako WhatsApp. Sijaona darasa lililoporomoka kwa kukosa Facebook, na kwa upande wangu ningefurahi kama zingepungua nyingine mbili. Ila kuna kitu sikielewi. WhatsApp na Instagram ni za kampuni hiyohiyo. Kama tunaiadhibu kampuni, mbona tumefunga mlango mmoja wa nyumba na kuacha miwili wazi?

Bodaboda, Busia

Mnahangaika na VPN, sisi wa mpakani hatunayo. Mimi nina laini ya Kenya. Nikiwa stejini Sofia, hapa Busia, naiwasha, Facebook inafunguka kama kawaida, haina shida wala matangazo ya theluji. Bando nanunua ng'ambo. Hata nikipeleka mzigo hadi Tororo bado inafanya kazi.

Fundi simu, Busia

Kijana wa boda amesema jambo kubwa kwa maneno machache. Ngoja nilifafanue kidogo kwa sababu watu wengi huniuliza. Agizo la kufunga limepewa kampuni za simu zenye leseni ya Uganda. Laini ya Kenya, hata ikishika mnara wa Uganda, data yake hurudishwa kwanza kwa kampuni yake kule Kenya, ndipo iingie kwenye intaneti. Kwa hiyo haikutani na kizuizi. Maana yake ni kwamba aliye Busia, Malaba au Mutukula, mwenye laini ya jirani na pesa ya ziada, hajafungiwa. Mtu wa Soroti au Mityana amefungiwa. Na shilingi zinazonunua bando la ng'ambo zimeondoka nchini.

Mama kitenge, pole sana. Sina dawa ya ukurasa wako. Hizo ndizo hasara zisizoandikwa popote.

Sasa Mzee wa Bombo. Mzee, swali lako la hakimu alikuwa nani ni swali la haki, na la Myanmar sina jibu la kukupinga. Ninachokataa ni adhabu inayomkosa mwenye kosa. Kampuni ile ina mabilioni ya watumiaji duniani. Unadhani kuna mkurugenzi kule California anayekosa usingizi kwa sababu ya Uganda? Anayekosa ni mama kitenge. Tumempiga mgeni kwa fimbo, fimbo imetua kwa mtoto wa nyumbani.

Tena tabia hii ya VPN haikuanza 2021. Ilianza tarehe 1 Julai 2018, siku ilipoanza ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Rais aliitetea kwa kusema watu wanapiga olugambo, yaani umbea, basi waulipie. Wakati ule nilikuwa na meza ndogo kando ya barabara, na ndani ya wiki moja kila aliyekuja kuchaji simu alikuwa anauliza habari ya VPN. Tulifundishana wenyewe kwa wenyewe, bila kumuuliza mtu anayejua. Mwaka 2021 kodi ile ikaondolewa, na kuanzia Julai mosi ikaja nyingine ya 12% juu ya data. Angalieni hapo vizuri. VPN hufunga kila furushi la data ndani ya furushi jingine, kwa hiyo uzito unaongezeka na bando linaisha mapema. Na bando unalinunua likiwa na kodi ndani yake. Mama wa samaki anatozwa kodi hata ya lile gunia la kufungia, na gunia lenyewe amelazimika kulitumia kwa sababu ya kizuizi.

Mzee, unataka waje mezani. Meza tunayo. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, na tuna ofisi inayoisimamia. Julai 2025 ofisi hiyo iliamua kwamba Google imeivunja sheria yetu kwa kutojisajili, ikaiamuru ijisajili ndani ya siku 30. Google ni kubwa kama huyo mwenzake, na hakuna aliyezimiwa simu. Waliolalamika walikuwa raia wa kawaida, wakasikilizwa, uamuzi ukaandikwa. Hivyo ndivyo ninavyotaka tumwambie mgeni "subiri tuzungumze", kwa karatasi yenye kifungu cha sheria, si kwa kumzimia mama wa samaki picha ya mjukuu.

Mwalimu, kuhusu milango ya nyumba moja, umeuliza vizuri. Sijasikia jibu lake, na ningependa anayelijua atuambie hapa.

Mzee wa Bombo

La Google nimelisoma na nimelipenda. Nakubali hiyo ni njia ya watu wenye serikali. Lakini sheria hiyo ni ya 2019. Ilikuwepo Januari 2021. Kama ingekuwa na meno, kampuni ile isingefanya ilivyofanya. Msinitake nifungue mlango leo kwa sababu nimeahidiwa kufuli kesho. Wajisajili kwanza, waweke ofisi mtu anaweza kuibishia hodi, halafu tufungue. Mimi nimesogea hatua moja, sitasogea ya pili.

Swali moja, Fundi. Jirani yangu anasema VPN ndiyo iliyomwibia pesa za simu. Ni kweli?

Fundi simu, Busia

Asante kwa kusogea, Mzee.

Hilo la pesa lazima tuseme ukweli, tusiibebeshe VPN kila dhambi. Ukibonyeza \*165# ya MTN au \*185# ya Airtel kutuma pesa, huduma ile haipiti kwenye intaneti kabisa. Inapita kwenye njia ya mtandao wa simu wenyewe, na VPN haiigusi. Lakini jirani yako amwone fundi amwangalizie ruhusa za programu zake. Ziko programu zinazojiita VPN ambazo zikiingia zinaomba kusoma ujumbe mfupi na majina ya watu kwenye simu. VPN haina kazi na ujumbe wako. Ikiuomba, ing'oe palepale, kisha ubadilishe namba ya siri. Na kama aliipata kwa kutumiwa faili na rafiki, si kwenye Play Store, hiyo ndiyo ya kwanza kushuku.

Mama kitenge, Kikuubo, Kampala

Fundi, mimi nauliza la Januari. Mwaka 2016 siku ya kura walizima hadi pesa za simu, nilikuwa na mzigo wa mtu njiani na hakuna aliyeweza kumlipa dereva. 2021 intaneti ilikatika siku tano. Nikae vipi safari hii?

Fundi simu, Busia

Mama, kama nchi nzima ikizimwa, hakuna VPN itakayokusaidia. VPN inapita juu ya intaneti, na intaneti ikiwa haipo haina pa kupita. Usikubali mtu akuuzie "VPN ya uchaguzi", nimeshaanza kusikia wanaozitangaza.

Chukua daftari. Andika namba za wateja wako wote kwa kalamu, za Juba na za Goma, na za madereva wa mabasi, kwa sababu WhatsApp haitapeleka ujumbe wakati huo. Kila namba iandike na msimbo wa nchi yake. Wateja wakubwa wapigie Desemba, ukubaliane nao kwamba mkikosana mtandaoni mtapigiana simu ya kawaida saa fulani. Weka pesa taslimu ya kumlipa dereva kwa wiki moja. Mzigo wa mwisho uondoke angalau siku nne kabla ya kura.

Mama wa samaki nimemwandikia namba ya binti yake nyuma ya kava la simu. VPN tatu nimezing'oa. Moja nimeiacha, kwa sababu amenisihi.