Tupeane uzoefu: ulifika kazualti na maumivu makali, ulisaidiwaje?

KakaMkubwa_Mld
Wana Malindi na Lamu salaam. Wiki jana nilimpeleka mdogo wangu kazualti usiku, tumbo lamkata upande wa kulia chini, kwenye tuktuk kila shimo la barabara analia. Tumefika tukaambiwa hapewi dawa ya maumivu mpaka daktari wa upasuaji amwone eti itaficha ugonjwa. Masaa matatu jamani, kajikunja kwenye benchi ameng'ata pindo la leso ya mama. Ilikuwa kidole tumbo. Aliyempasua ndiye aliniambia hayo ni mambo ya zamani, yamefanyiwa utafiti na ikaonekana mgonjwa akitulizwa daktari bado ataujua ugonjwa, tena tumbo likilegea anashikika vizuri. Roho yaniuma kwa vile nilinyamaza. Nyinyi yaliwakuta vipi?

Baharia wa Amu
Pole sana ndugu yangu. Mimi nilidungwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu, maji yamekupwa navuta mashua upande wa Manda, nikamkanyaga. Wallahi sijawahi kuona uchungu ule, ulipanda mpaka kwenye nyonga nikawa natapika. Wenzangu wakataka kufunga mguu kamba na kuchanja, mzee mmoja akakataa. Kufika gatini nikapandishwa punda hadi hospitali, na sista wa pale Mungu ampe umri, hata jina hajaniandika akaleta beseni la maji ya moto, akatia mkono wake kwanza kupima maana mguu wangu ulishakufa ganzi ningeungua nisijue. Moto wa kustahimilika tu, kama digrii 45 hivi, yakipoa anaongeza kwa chupa ya chai. Sumu ya taa haipatani na joto. Dakika 20 nikaanza kuongea, nikakaa humo saa nzima na zaidi, ndio wakanipiga picha kuangalia kama mwiba umekatikia ndani, nikadungwa na sindano ya pepopunda.

Mama Kitinda
Mtoto wangu ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, miaka 9. Mifupa ikimshika halii kwa sauti, anatulia tu kama samaki nchi kavu, na hapo ndipo watu wanapokosea wanadhani haumwi. Kuna siku hospitali moja muuguzi aliniambia huyu ameshazoea dawa ndio maana anazitaka. Mtoto wa miaka 9! Nililia mpaka kwenye stegi. Kliniki yetu ndio wakanifunza kuwa akifika na maumivu makali dawa ya nguvu ianze ndani ya saa ya kwanza, asingojeshwe foleni. Sasa natembea na daftari, ndani imeandikwa kilo zake, dawa gani ilimtuliza mara ya mwisho, kipimo na saa. Nikifika sipigi kelele, nalifungua mbele ya daktari wa zamu. Mara ya mwisho alipewa mofini ya maji ya kunywa na dripu, akaomba chapati kabla ya adhuhuri.

sista_zamu
Nasoma huku machozi yanitoka, mimi ni muuguzi huku Pwani. Mkiulizwa maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10 semeni ukweli wa mwili, msijikaze, watoto wadogo tunawaonyesha picha za nyuso wanagusa. Na ukishapewa dawa ukiona nusu saa imepita bado uko palepale rudi utwambie, kipimo cha kwanza si lazima kitoshe. Mkono uliovunjika kufungiwa ubao tu kunapunguza kilio. Ila mtaje vidonda vya tumbo, figo na ujauzito, kwa sababu sindano ya diklofenaki tunayoipenda sote si ya kila mtu.

KakaMkubwa_Mld
Ahsante sista. Hakuna aliyemuuliza namba ule usiku hata mimi. Nimemuuliza sasa hivi amelala hapa na nyuzi zake, amesema kwenye benchi ilikuwa tisa, kwenye tuktuk kumi.